Klipu mbili za pini ya pistoni zilizotuvusha Tanganyika, Rumonge 1972

Wakuu, wenye gereji na wenye kupita tu, amani iwafikie hapo mlipo.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu jukwaani. Amefungua injini ya pikipiki yake, ameweka pistoni mpya, na zile klipu mbili ndogo zinazozuia pini ya pistoni zimemsumbua. Moja haikukaa vizuri. Akauliza kama afunge tu aendelee na safari zake.

Mtu akamjibu: "Funga bwana, hicho kiklipu ni urembo tu."

Nilisoma jibu hilo mpaka chai ikanipoa mkononi.

Nimeamua kufungua uzi. Haya nitakayoandika niliyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa vidole hivi hivi ninavyochapia. Ziwa letu halina chumvi, na mimi sitaiongeza.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, tena bibi mwenye wajukuu. Najua jina ninalotumia humu limefanya wengi mniite mkuu, kaka, hata "mzee baba", na sijawahi kulalamika. Naitwa Zuhura. Siku hizi naishi Ujiji, lakini nilizaliwa Rumonge, Burundi, katika mtaa wa Waswahili, kwenye nyumba ambayo ukifungua mlango wa nyuma unaona michikichi, na ukifungua wa mbele unaona maji mpaka macho yachoke.

Baba yangu, mzee Ramazani, alitoka upande wa Kongo wakati wa Wabelgiji. Alikuja kufanya kazi kwa Mzungu mmoja mwenye mashua za kuvua ndagala. Ndagala ndio hao mnaowaita dagaa. Alianza kwa kubeba nyavu, akaishia kufungua mashine.

Mwaka wa Uhuru, 1962, yule Mzungu alifunga biashara yake akaondoka, na baba akaachiwa moteri moja ya kufunga nyuma ya mtumbwi. Ilikuwa ya silinda moja, ya kijani iliyobabuka. Siku ile ya bendera mpya baba aliifunga kwenye mtumbwi wetu mkubwa wa mbao, akapakia akina mama na ngoma zao, akawapitisha polepole mbele ya mji mzima.

Nilikaa nyuma, ubavuni mwake. Moshi wa buluu, vigelegele, maji yakigawanyika pande mbili kama nguo inayokatwa. Nilikuwa msichana mdogo na niliamini kabisa kwamba Uhuru ndio ule mlio.

Labda sijaacha kuamini.

Miaka iliyofuata nikawa mkono wa pili wa baba. Kaka yangu Issa hakupenda grisi. Alipenda nguo, akawa fundi cherehani, na kusema haki suti zake zilikaa mwilini. Mimi nilipenda mashine. Niliolewa, nikaachika, na yule bwana akawatangazia watu sababu: "Nilidhani nimeoa mke, kumbe nimeoa pipa la esansi." Esansi ndiyo petroli kwetu. Mtaa mzima ulicheka. Na mimi nilicheka, maana hakusema uongo.

Sasa nisimame kidogo kwa ajili ya wasiojua mambo ya injini.

Pistoni ni kile kikombe cha alumini kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Kinashikwa na mkono wa chuma unaotoka chini, na kinachoviunganisha ni kipande cha chuma cha mviringo, kinene kama kidole. Hiyo ndiyo pini. Inapita katikati ya pistoni, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili.

Kitu pekee kinachozuia pini isitoke ubavuni ni nyaya mbili za springi zilizokunjwa duara, moja kila upande. Kila moja inakaa ndani ya mfereji mwembamba kuliko ukucha. Wabelgiji waliziita sirklipsi. Sisi tukaziita klipu, tukaendelea na maisha.

Ikichomoka moja, pini inaanza kutembea. Inakwangua ukuta wa silinda, na injini inakufa hapo hapo ilipo. Ukiwa barabarani utashuka usukume. Ukiwa katikati ya Tanganyika, utashuka wapi?

Kiklipu ni urembo, eti.

Naendelea.

Baba alikuwa na namna yake ya kuweka pini, na sijaiona mahali pengine ila ufuo ule wa kwetu. Pini mpya huwa inabana. Ukiipiga nyundo unaharibu kila kitu. Kwa hiyo mafundi huipasha pistoni moto ili itanuke, pini iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Wapo wanaotumia maji ya kuchemka, wapo wanaotumia oili.

Baba alitumia mawese.

Kwetu ungekosa chumvi kabla ya kukosa mawese. Kila uani kulikuwa na pipa la chikichi motoni. Baba aliichovya pistoni kwenye sufuria ya mawese ya moto, ikatoka nyekundu, inameta, inatoa moshi, na pini ikateleza ndani kama inarudi nyumbani. Harufu yake ilikuwa ya injini na ya chakula kwa pamoja. Mpaka leo nikipika maharage kwa mawese nanusa gereji.

Klipu ya kwanza huwekwa mapema, pistoni ikiwa kavu mezani. Ya pili huwekwa mwishoni, pistoni ikiwa tayari imekaa kwenye injini, na hiyo ndiyo ngumu. Baba alinipa mimi hiyo ya pili kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinene na mimi nilikuwa na kucha. Alinifundisha niuzibe kwanza mdomo wa chini wa injini kwa kitambaa, klipu ikiniponyoka isizame humo. Nisirudishe klipu ya zamani, imeshachoka. Uwazi wa klipu, pale ncha zake mbili zisipokutana, uangalie chini, usiangalie ubavuni, maana pistoni inapanda na kushuka na itaichezea mpaka iikunje.

Halafu nisikilize. Klipu ikikaa kwenye mfereji wake, inalia. Tik. Mlio mdogo, mkavu, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti.

Basi. Sasa 1972.

Hapa nitapita haraka, wakuu, na si kwa kuwa nimesahau. Mwaka ule upande wetu wa ziwa uliungua. Watu waliuawa, kisha wengine wengi zaidi wakauawa kwa sababu ya wale. Wanaume, hasa vijana, walikuwa wanaitwa na askari, wanapanda lori, hawarudi. Wawili waliokuwa wakishona kwenye baraza moja na Issa waliitwa. Vyerehani vyao vilibaki pale pale, kitambaa kimebanwa chini ya sindano, mshono umefika nusu.

Issa alirudi nyumbani kwa kupitia uani, na hakutoka tena.

Baba alituambia neno moja: tunavuka. Ng'ambo ni upande wa Kongo, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuitwa Zaire. Siku ya hewa safi tuliona milima yake kutoka mlangoni. Ilikuwa karibu kwa macho na mbali kwa mikono. Kwa kasia ungekutwa majini, na Issa akikutwa ndiyo basi. Tulihitaji moteri.

Na moteri ilikuwa imekufa. Ringi, zile pete za chuma zinazoivika pistoni, zilivunjika siku chache kabla ya mambo kuharibika, zikaondoka na pistoni.

Baba alikuwa na pistoni moja mpya aliyoitunza tangu mwaka wa Uhuru, na ringi zake, na pini yake, na klipu mbili, vyote vimefungwa kwenye karatasi yenye grisi. Klipu mbili tu. Hakukuwa na duka la kuulizia ya tatu, na njia ya kwenda Bujumbura haikuwa ya kupitwa na mtu anayependa roho yake.

Tuliamua kuondoka mchana. Usiku kila kilichotembea ziwani kilipigwa risasi kwanza, kikaulizwa baadaye. Lakini mchana mitumbwi ya mawese ilikuwa bado inakwenda Minago, hapo jirani ufuoni, maana hata askari wanakula.

Tulianza kazi asubuhi, uani, mvua ya rasharasha imetoka kupita. Moto ulikuwa unawaka chini ya pipa la chikichi kama uani kwa watu wote, hivyo hakuna aliyeshangaa moshi.

Alikuwepo jirani yetu, Mama Aziza, mke wa mmoja wa wale mafundi wawili walioitwa. Tulikuwa tunavuka naye na watoto wake. Mwanamke yule aliweza kulia kwa jicho moja na kukutania kwa lingine. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anachambua chikichi, ananitazama.

"Zuhura, ndoa ilikushinda. Moteri isikushinde."

"Ndoa haina klipu, mama."

"Ingekuwa nayo?"

"Ningemfunga yule bwana na asingechomoka."

Alicheka mpaka akafuta uso. Baba alijifanya hajasikia.

Niliweka klipu ya kwanza, pistoni ikiwa kavu mezani. Tik. Safi. Baba akaichovya pistoni kwenye mawese ya moto, akaitoa kwa koleo, tukaivika kwenye mkono wa injini, mshale uliochorwa juu yake ukiangalia upande wa kutolea moshi. Pini ikateleza, ikagota kwenye klipu ya kwanza. Ilibaki klipu moja. Kazi ya kupepesa jicho.

Ndipo tukasikia kamiyo.

Lori la askari, wakuu. Tuliujua mlio wake kama mnavyojua sauti ya mtu mnayemwogopa. Lilishuka barabara ya mtaa wetu polepole, likasimama.

Sijui niliruka vipi. Nyavu juu ya injini. Issa ndani ya banda, nyuma ya mikungu ya chikichi. Baba, Mama Aziza na mimi tukakaa chini tunachambua, kama watu ambao hawajawahi kuwa na shughuli nyingine duniani. Tulisikia viatu. Tulisikia mlango wa nyumba ya tatu ukigongwa. Sauti ya mwanamke, kisha hakuna sauti. Mama Aziza alikuwa anachambua chikichi ileile, anaigeuza tu mkononi.

Jua halikutoka. Hewa ilikuwa ya baridi ya baada ya mvua, ile inayotoka ziwani na kukaa mifupani.

Hatimaye lori likanguruma, likaondoka.

Tulifunua injini. Baba akasema kwa pumzi, "Malizia."

Nikahakikisha kitambaa kiko mdomoni mwa injini. Nikaishika klipu ya pili kwa koleo la mdomo mrefu, nikaingiza ncha moja, nikaisukuma iliyobaki kwa ukucha wa gumba. Ikaingia. Kwa macho, ilikuwa imekaa. Duara lake limetulia, uwazi umeangalia chini.

Lakini haikulia.

Ilikuwa kama kubonyeza kitu kwenye ugali.

"Imeingia?" Issa alikuwa ameshatoka bandani, ana majani ya mchikichi kichwani.

Baba akainama, akachungulia. "Iko sawa. Lete silinda."

Sikusogea.

"Zuhura. Silinda."

"Baba, haikulia."

"Iko mu nafasi yake. Naiona."

"Hata mimi naiona. Lakini haikulia."

Issa akashika kichwa. "We mutoto weye! Wenye kamiyo wanaweza kurudi sasa hivi, na unaniletea habari ya mulio?"

"Mwache aseme," Mama Aziza akadakia. "Baba Issa, mwache. Mimi nina watoto wa kupakia humo."

Wakuu, sijui kwenu. Kwetu mtoto hambishii baba yake mbele ya jirani. Hata ukiwa mtu mzima, hata ukiwa umeolewa na kuachika, unanyamaza, utamwambia faraghani. Na hapakuwa na faragha, wala muda wake. Baba alinyanyuka, akanitazama kwa jicho ambalo nililijua tangu utoto.

"Unataka kusema baba yako haoni?"

 Nikasema:

"Nasema baba yangu ndiye aliyenifundisha kusikiliza."

 

Baba alipiga magoti tena. Safari hii hakuchungulia. Aliweka ukucha wake kwenye ukingo wa klipu, akaivuta taratibu kuizungusha. Kisha akaunyanyua ule ukucha na kuuweka machoni.

Ulikuwa na nta nyekundu.

Aliitazama. Akageuka kutazama sufuria ya mawese pale chini, mbali na moto. Ukingoni mawese yalikuwa yameganda, mazito, ya rangi ya machungwa.

Tukaelewa wote wawili kwa pamoja, na sijawahi kuwa karibu na baba yangu kama nilivyokuwa dakika ile.

Miaka yote tulikuwa tunafanya kazi ile jua likiwa kali na pistoni ikiwa bado ya moto. Klipu iliingia mawese yakiwa maji, ikayasukuma nje, ikakaa kwenye chuma. Siku ile, tulipokuwa tumekaa tunachambua chikichi kwa hofu, pistoni ilipoa, na mawese yakaganda ndani ya mfereji. Klipu haikukaa kwenye mfereji. Ilikaa juu ya mafuta yaliyoganda.

Moteri ingewaka vizuri tu. Ingetutoa ufukweni. Halafu ingepata moto, mawese yangeyeyuka, na klipu ingebaki haijashika kitu.

Hakuna fundi wa Ulaya ambaye angefanya kosa hilo, maana hana mawese. Lilikuwa kosa letu sisi, la watu wa ufuo ule, la kupenda kitu mpaka ukasahau tabia yake.

Baba akasema neno moja tu. "Itoe."

Kuitoa ndiko kuliniogopesha zaidi. Klipu ni springi, ukiichokonoa vibaya inaruka, na ardhi ya uani kwetu ilikuwa mchanga na makapi ya chikichi. Mama Aziza hakuambiwa. Alifungua kitenge chake cha juu, akakitanda kama hema juu ya injini na mikono yangu. Nikaingiza ncha ya bisibisi.

Ikaruka.

Nilisikia ikigonga kitenge, kisha kimya, kisha sauti ya Mama Aziza, nyembamba kama ya kitoto:

"Ninayo! Ninayo kifuani, jamani, mtu asinipumulie!"

Aliitoa mwenyewe kwa vidole viwili. Baba akaibana, akaiachia, akaibana tena. Ilirudi kwenye umbo lake. Ilikuwa bado nzima.

Kusafisha mfereji kulitaka esansi. Baba akafungua tanki akamimina kwenye kikombe.

"Baba," Issa akasema, "hiyo ni ya kuvukia."

"Ya kuvukia ndiyo hii."

Nikaosha, lakini mfereji ulikuwa mwembamba, kitambaa hakikufika chini. Nta nyekundu iling'ang'ania. Nilikuwa natafuta kijiti nilipomwona Issa amepiga magoti upande wangu, yeye na shati lake jeupe. Akachomoa kwenye ukosi wa shati sindano kubwa ya kushonea magunia.

"Sogea," akasema. "Sasa hii ni kazi ya fundi."

Kaka yangu hakuwahi kugusa moteri tangu azaliwe. Alifuata ule mfereji kwa ncha ya sindano, mzunguko mzima, kwa subira ile ile ya kutarizi kanzu ya bwana harusi. Kila alichotoa alifuta kwenye suruali yake. Kisha esansi tena. Kisha nikapuliza mpaka pakakauka, alumini nyeupe tupu.

Nikashika klipu. Uwazi chini. Ncha moja ndani. Ukucha.

Tik.

Tulisikia sote. Mama Aziza akasema "Amina", kama imamu amemaliza dua.

Baba hakunisifu. Alisema, "Lete silinda," na nikaileta.

Mchana tulisukuma mtumbwi. Mapipa ya mawese mbele, watoto wa Mama Aziza juu yake, mama yao katikati, baba na mimi nyuma. Issa alikuwa ametangulia kwa miguu ndani ya michikichi, kupitia upande wa Kizuka, atusubiri kwenye kiufuo kidogo kabla ya kufika Minago.

Ufukweni kulikuwa na askari wawili. Vijana. Mmoja alikuja.

"Amahoro."

"Amahoro," baba akajibu.

"Munaenda wapi?"

"Minago, kuuza mawese."

Akagonga pipa kwa kifundo cha kidole. Likajibu zito, limejaa. Akatazama moteri.

"Nani anaendesha?"

"Huyu."

"Huyu mwanamke?" Akamwita mwenzake. "Njo! Njo uone, mwanamke anavuta moteri!"

Wakasimama kutucheka. Mikono kiunoni. "Haya, vuta basi tuone, mama."

Moteri haikuwa imewashwa hata mara moja tangu tuifunge. Nikazungusha kamba. Nikavuta. Ikakohoa, ikanyamaza. Wakacheka zaidi, na mmoja akaniigiza, kiuno na yote. Nikazungusha tena. Nikavuta kwa kila kitu nilichokuwa nacho.

Ikashika.

Lo, wakuu. Ule mlio. Moshi wa buluu ukafunika mguu wangu, na wale vijana wawili, wasijue wanachoshangilia, wakapiga makofi.

"Murakoze," baba akawashukuru kwa adabu, na tukaondoka.

Tulipofika kwenye kile kiufuo sikuizima. Niliipunguza tu. Issa aliingia majini mpaka kifuani, Mama Aziza akamvuta kwa kola, akaanguka juu ya mapipa kama samaki. Hapo nikageuza pua ya mtumbwi kuelekea machweo, kwenye ile milima.

"Fungulia!" Issa akapiga kelele. "Fungulia yote!"

"Ringi ni mpya. Zinataka adabu."

"Adabu? Zuhura, nyuma yetu kuna bunduki!"

"Na mbele yetu kuna maji. Kaa chini."

Nilikwenda mwendo wa nusu. Milima ya Burundi ilianza kuwa ya buluu, kisha ya kijivu. Sikutazama mbele wala nyuma. Nilikuwa nasikiliza. Ndani ya kelele ile nilikuwa naifuata pistoni peke yake, inapanda, inashuka, na ile pini imelala katikati ya klipu zake mbili kama mtoto kati ya wazazi. Kila moteri ilipozidi kupata moto nilingoja ukwaruzo. Haukuja. Saa baada ya saa, haukuja.

Tulipofika mahali ambapo nchi zote mbili zilikuwa mbali sawa, Issa alisogea karibu na baba. Akauliza, sauti imeshuka:

"Kama tungeondoka na ile ya kwanza, ile isiyolia, tungefika wapi?"

Baba alinyoosha kidole, akaonyesha maji ubavuni mwa mtumbwi.

"Hapa."

 Issa alinigeukia, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichukua kopo, akachota maji ya ziwa, akaninywesha kwa mkono wake, maana mikono yangu ilikuwa imeshika moteri.

Tuligusa mchanga wa Ubwari, ng'ambo ya Kongo, jua likiwa bado juu ya mgongo wa milima. Watu walikuwa wamejaa ufukweni. Walishazoea kupokea watu, wengine wakiwa wazima, wengine vinginevyo. Walitushushia watoto kwanza.

Mzee mmoja mwenye mtumbwi wake alikuja akainama kwenye moteri yetu. Alikuwa ameisikia kutoka mbali.

"Moteri hii inaimba," akasema. "Ya kwangu imelala mwezi mzima. Nani fundi wenu?"

Macho yote yakamwendea baba. Ana mvi, ana grisi, ana vidole vinene. Nani mwingine?

Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi, amechoka. Akasema, "Fundi ni huyu hapa," akaweka kiganja chake kichwani kwangu.

"Na wewe?"

Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Maisha yake yote baba alikuwa Baba Issa, sokoni, msikitini, ziwani, na Issa mwenyewe alikuwa amesimama pale, amelowa, mzima. Baba alifikiri kidogo.

"Mimi," akasema, "niiteni Baba Fundi."

Issa ndiye aliyecheka wa kwanza. "Jamani! Nimevuka ziwa nimepoteza nchi, sasa nimepokonywa hata baba!"

Tulicheka ufukweni pale, sisi tuliokuwa hatuna hata mkeka. Na jina lilikaa. Mjini Baraka, huko huko Kongo, walimwita Baba Fundi. Ujiji, tulikohamia baadaye, walimwita Baba Fundi. Walipomswalia, wengi waliobeba jeneza hawakujua kama aliwahi kuitwa Ramazani. Issa alishona mpaka macho yakakataa, akazeeka, akapata wajukuu wenye kelele. Mimi nilifungua moteri nyingi za watu kwenye ufuo huu, na sijawahi kufunga hata moja ambayo klipu yake haikulia.

Basi wewe kijana wa pikipiki, hili ni jibu lako. Usifunge. Itoe, osha mfereji mpaka uone chuma, weka klipu mpya, uwazi uangalie chini, halafu zima redio usikilize. Na siku utakaposikia kwamba kitu hakijakaa, sema, hata kama anayekwambia kimekaa ndiye aliyekufundisha. Mwalimu wa kweli ataweka ukucha wake atazame.

Jukwaa nawaachieni. Mafundi, niambieni kwenu mnapasha pistoni kwa nini. Na ninyi mliovuka mwaka ule, kutoka Rumonge, Minago, Nyanza-Lac, Kabonga, kokote kule, semeni hapa mlivuka na moteri gani, na nani aliyeifunga. Wengi wao hakuna aliyewahi kuwataja.